Kuadhimisha kumbukumbu ya ndoa hotelini, wawili tu, watoto wakibaki nyumbani, hapa hapa Lubumbashi: hatua kwa hatua

Kiangazi kikianza, maswali huwa yale yale, kwa sababu wengi wetu tulifunga ndoa kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imekatika na jamaa wa Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa wakiweza kufika. "Tuende mbali ao tubakie hapa?" "Batoto tutaacha na nani?" "Mama mkwe akisikia tumelala hoteli na nyumba tunayo, atasema nini?" Halafu lile la mwisho, ambalo waume huuliza pembeni: "Inaomba dola ngapi?"

Swali la kwanza ninalijibu bila kusita: bakieni mjini. Likasi ni kilomita kama 120, Kolwezi inapita 300, na njia ni hiyo hiyo moja inayopitwa na malori ya shaba na kobalti. Mkiwa na siku mbili tu, kipande kizuri cha siku ya kwanza kitaishia nyuma ya lori, na cha siku ya pili vilevile. Tena mtoto akishikwa na homa saa nne usiku, ukiwa hoteli ya mtaa wa Golf au katikati ya mji unaweza kufika nyumbani Katuba au Kampemba upesi ukaona mwenyewe. Ukiwa Kolwezi utakesha ukitazama simu.

Halafu kuna jambo ambalo wanaoanza hawalitegemei: hoteli ndiyo kazi nyepesi. Kazi yenyewe iko nyumbani, na inaanza majuma matatu kabla. Ndiyo maana hatua za nyumbani hapa chini ni ndefu kuliko za hoteli.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

- Tarehe moja mliyokubaliana wote wawili, iliyoandikwa mahali, si ya kichwani.
- Mtu mzima wa kulala na watoto, na mtu wa pili wa akiba.
- Kitambulisho cha kila mmoja: kadi ya mpiga kura au paspoti. Mapokezi wataomba kujaza karatasi, na picha ya kadi kwenye simu si wote wanaoikubali.
- Dola safi, na franka za kutosha za matumizi madogo.
- Dereva mnayemjua kwa jina, mwenye simu inayopokelewa usiku.
- Betri ya akiba ya simu, iliyojazwa tangu juzi yake.
- Karatasi kubwa na bandiko la kuibandika ukutani jikoni.
- Sweta. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10. Nimeona wanawake wenye magauni mazuri kabisa wakila chakula cha jioni wamejifunika taulo la hoteli.

HATUA YA 1: Kubalianeni ni tarehe gani

Inaonekana ni kitu cha kuchekesha mpaka ikufikie. Wengi tuna tarehe tatu: siku mahari ilipotolewa, siku ya komini (ndoa ya serikali) na siku ya kanisa. Mume anahesabu ya komini kwa sababu ndiyo iliyo kwenye cheti, mke anahesabu ya kanisa kwa sababu ndiyo yenye picha, na wazee wanahesabu ya mahari na hawataki kusikia nyingine. Chagueni moja ya kuadhimisha na muishike hiyo hiyo miaka yote.

Tarehe ikiangukia Jumanne, msiilazimishe. Sogezeni mpaka wikendi inayofuata: kuingia Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, kutoka Jumapili. Hoteli zetu nyingi zinaishi kwa wageni wa migodi, ambao wanajaa Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa wanapungua, na hapo ndipo unapoweza kuomba bei ipungue kidogo.

Kabla ya kufunga tarehe, angalieni haya:

Mkutano wa migodi, DRC Mining Week, hufanyika hapa mjini kila mwaka mwezi wa Juni. Juma hilo hata chumba cha nyuma ya jiko kinapata mpangaji, na bei ni ya mgeni, si yenu. Likwepeni.

Jumamosi za Julai na Agosti ni za harusi. Hoteli yenye ukumbi mkubwa itakuwa na harusi ya watu wengine mpaka alfajiri, na mtalala ndani ya spika.

Agosti 1 ni siku ya wazazi. Ni siku ya mapumziko, lakini asubuhi familia nyingi ziko makaburini, na si vizuri wewe na mwenzako mkakosekana huko bila sababu ya kueleza.

Mwisho, uliza kama Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza nyumbani. Uwanja uko Kamalondo na siku ya mechi kubwa magari hayatembei upande ule. Kama mume wako ni wa rangi nyeusi na nyeupe za Mazembe, hata mkiwa hoteli atakuwa uwanjani.

HATUA YA 2: Tafuta mtu wa kulala na watoto

Hapa ndipo wikendi nyingi zinapofia, basi tukae kidogo.

Chaguo la kwanza kwa wengi ni kambo, yaani bibi ya watoto, wa upande wowote. La pili ni shangazi au dada mkubwa mwenye watoto wake tayari. Msichana wa kazi peke yake, hata kama ni mzuri kiasi gani, mimi simpendekezi kwa usiku kucha: mlango ukigongwa saa saba usiku hana mamlaka ya kumfukuza mjomba mlevi wa mume wako. Awepo, lakini awe msaidizi wa mtu mzima wa familia. Na mtoto wa kwanza mwenye miaka 13 si mtu mzima, hata kama anapika bukari (ugali) vizuri kukupita.

Kambo haombwi kwa ujumbe wa simu. Mnakwenda wote wawili, mnakaa, mnaulizia afya, mnapokea maji, ndipo mnasema. Na mnasema hivi, kwa wazi: "Mama, mwezi ujao tunatimiza miaka fulani ya ndoa. Tunaomba utulalie na watoto Jumamosi moja, sisi tupumzike kidogo." Msimfiche kwamba ni hoteli. Akija kusikia kwa jirani, hatakasirikia hoteli, atakasirikia kufichwa.

Mlete kambo kwa watoto, usipeleke watoto kwa kambo, isipokuwa kama wamezoea kulala kwake. Mtoto wa miaka mitatu akiamka usiku kwenye chumba asichokijua analia kwa ajili ya chumba kwanza, halafu kwa ajili ya mama. Akiwa kitandani kwake anabaki na kilio kimoja tu, na kambo anakiweza.

Fanyeni usiku mmoja wa majaribio, majuma mawili kabla. Kambo anakuja, analala, ninyi mko chumba cha pili na hamtoki. Hapo mtajua kama mdogo anataka mlango wazi, kama kambo anasikia mtoto akikohoa, na nani anajua kufunga kofuli la lupango (ua wa nyumba) ambalo linafungwa kwa kuinuliwa kidogo.

Halafu ile karatasi ya jikoni. Iandike kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili cha nyumbani, na iwe na haya tu:

a) Majina ya watoto na uzito wa kila mmoja kwa kilo. Dawa ya homa ya watoto hupimwa kwa uzito.

b) Dawa ya maji ya paracetamol iliyopo nyumbani: ni chupa ipi, na kila mtoto anapewa mililita ngapi kama muuguzi alivyosema kwa chupa hiyo hiyo. Chupa hazilingani nguvu. Moja ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250, na ukitumia kijiko kile kile umempa mtoto mara mbili. Andika pia: isipite mara 4 kwa saa 24.

c) Kituo cha afya kinachofunguliwa usiku, na jina la dereva wa kumpeleka mtoto.

d) Namba zenu zote mbili, na ya mtu wa akiba anayekaa karibu.

e) Nani anaruhusiwa kuingia ndani ya lupango. Wengine wote warudi Jumatatu.

Onyo moja ambalo sitalipunguza: mbabula (jiko la makaa) isiingie ndani ya nyumba. Usiku wa Juni ukiwa baridi, mtu mwenye upendo anaweza kuchukua makaa yaliyobaki ya kupikia akaweka chumbani ili watoto wapate joto, akafunga dirisha. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Mwambie kambo kwa mdomo, andika kwenye karatasi, halafu acha mablanketi ya ziada juu ya kitanda ili hitaji lenyewe lisiwepo. Vyandarua visiondolewe pia, hata kama mbu wa kiangazi ni wachache.

HATUA YA 3: Kama kuna anayenyonya

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, msimwache usiku. Fanyeni mchana: kuondoka saa nne asubuhi, kula, kulala mchana kwenye chumba cha hoteli, kurudi saa kumi na moja. Hoteli kadhaa hutoa chumba kwa bei ya mchana ukiuliza.

Aliyepita miezi sita na anakula uji anaweza kubaki, lakini mama akamue maziwa kabla. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 nje kama joto halipiti nyuzi 25, na siku 4 ndani ya friji. Hiyo friji ihesabu kama SNEL, kampuni ya umeme, wanavyokutendea mtaani kwenu: kama umeme unakatika saa nane mfululizo, si friji tena, ni kabati. Na mama akumbuke kwamba hata akiwa hoteli maziwa yanaendelea kuja. Asipokamua usiku, asubuhi anaweza kuamka na maumivu, hata homa, na sherehe itakuwa imekwisha.

HATUA YA 4: Nani aambiwe

Kambo, mtu wa akiba, dereva. Basi. Ukimwambia mmoja wa kikundi cha familia kwenye WhatsApp, Jumamosi asubuhi mtapata wageni watatu wenye shida ndogo ya makuta (pesa), kwa sababu mtu anayelala hoteli anazo. Watoto waambieni siku mbili kabla, si majuma mawili: "Mama na baba watalala mjini usiku mmoja, kambo atalala na ninyi, Jumapili baada ya misa tunarudi." Msitoroke wakiwa wamelala. Mtoto akiamka asikukute, mara ijayo hatakubali hata uende dukani.

HATUA YA 5: Hoteli

Kuna aina tatu hapa mjini. Kuna zile kubwa kama Grand Karavia kule kwenye ziwa na uwanja wa golf, zenye bwawa la kuogelea, bustani, na bei inayolingana nazo. Kuna za katikati ya mji, pamoja na za zamani za enzi ya Wabelgiji kama Park, ambapo unatoka mlangoni na uko tayari mjini. Halafu kuna nyumba za wageni ndogo za Golf, Bel-Air na Makutano, vyumba kumi hivi, zenye ukuta mrefu na ukimya. Kwa wanandoa wanaotaka kulala usingizi kamili, mimi napendelea hizi za mwisho. Bwawa la kuogelea mwezi wa Julai utaliangalia tu.

Msiweke nafasi kwa simu peke yake. Mmoja wenu apite kuona chumba, katikati ya juma, na afanye haya bila aibu:

1. Fungua bomba la maji ya moto la bafuni na usimame hapo. Maji yakibaki baridi huku mhudumu anasema "itakuja", ujue haiji.

2. Uliza jenereta inazimwa saa ngapi. Usiulize "mna jenereta?", maana wote watasema ndiyo. Nyingine huzimwa saa sita usiku ili kuokoa mafuta.

3. Uliza kama ukumbi una sherehe siku hiyo. Kama ipo, omba chumba cha upande wa pili au nenda kwingine.

4. Sema kwamba mnataka kitanda kimoja kikubwa, na wakiandike. Wageni wa migodi wanapenda vitanda viwili, na hivyo ndivyo vilivyojaa.

5. Uliza kama chakula cha asubuhi ni cha watu wawili au cha mmoja. Hapa ndipo bili inapoongezeka bila taarifa.

6. Bei mwambiwe yote, pamoja na kodi, kabla ya kutoa chochote. Ukitoa akonti (malipo ya awali), chukua risiti yenye tarehe, jina na muhuri.

Unaweza pia kusema ni kumbukumbu ya ndoa. Wengine wanaweka maua kitandani, wengine wanatoa chupa, wengine hawafanyi kitu. Kusema ni bure.

HATUA YA 6: Makuta

Bei za hoteli zinatajwa kwa dola. Tenga makuta ya chumba peke yake, kwenye bahasha yake, na msiyaguse. Yanayobaki yagawe: chakula, dereva, zawadi, na ya kambo. Hili la kambo si la kukumbuka Jumapili jioni. Linatengwa mwanzoni kama la chumba.

Dola zikague nyumbani, kwenye mwanga. Mwenye kaunta ataishika noti kwa vidole viwili, ataivuta, ataipindua, atatafuta mpasuko hata wa upana wa uzi pembeni. Akiupata anakurudishia bila neno. Noti za zamani, zilizochorwa kalamu au zenye tundu la pini zina hatima ile ile, hata kama benki ilikupa yenyewe. Ziache nyumbani.

Franka badilisheni kwa kambisti (mbadilisha fedha) mnayemzoea, mchana, kabla ya kuingia hoteli, maana mapokezi wana kiwango chao na hakiwapendelei ninyi. Kwenye simu wekeni kiasi kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mmoja mtandao huu na mwingine mtandao ule. Mtandao mmoja ukilala, na huwa unalala Jumamosi jioni, mna wa pili.

Kwa yule anayeuliza inaomba dola ngapi: inaomba kile mlichonacho bila kukopa. Wenye kidogo walale usiku mmoja nyumba ya wageni na wale michopo (nyama choma). Kukopa kwa ajili ya usiku wa hoteli ni kumkaribisha mdai kwenye ndoa.

HATUA YA 7: Mpango wa siku, uwe mwepesi

Kosa la wanaoanza ni kujaza kila saa. Mnatoka kwenye nyumba yenye watoto wanne. Mtakachokitamani kwanza ni kulala mchana bila mtu kugonga mlango. Acheni nafasi ya hilo. Zaidi ya hapo, vitu viwili kwa siku vinatosha.

Jumamosi asubuhi, nendeni Makumbusho ya Taifa. Wengi wetu tuliingia mara ya mwisho tukiwa na sare ya shule. Tafuteni misalaba ya shaba, ile iliyoyeyushwa na wafua shaba wa Katanga karne nyingi kabla ya migodi ya Wabelgiji. Imepatikana kwenye makaburi ya zamani ya Upemba, kule Sanga, na ilitumika kama fedha. Watu walitoa mahari kwa misalaba hiyo. Simameni mbele yake, kila mmoja amwambie mwenzake angetolewa kwa misalaba mingapi. Mazungumzo yatafika hadi chakula cha mchana.

Kama mnapenda sanaa, angalieni kinachoonyeshwa Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, au kama mwaka huo kuna Biennale, maonyesho ya sanaa yaliyoanzishwa hapa 2008 na wasanii wa chama cha Picha.

Zawadi: malakiti. Ni jiwe la kwetu, kijani chenye mistari, na mafundi wanalichonga shanga, pete na vibweta. Chagua shanga ambazo mistari yake inazunguka bila kukatika, na upitishe kidole juu ya tundu: likiwa na ncha kali litakata uzi. Jiwe hili ni laini na lina shaba ndani, kwa hiyo lisisafishwe kwa limau wala siki, na manukato yapulizwe kabla ya kuvaa mkufu, si baada.

Jioni, chakula. Wenye kupenda kukaa kimya wale hotelini. Wengine mwende Kamalondo mapema, michopo ya mbuzi ikitoka motoni, bukari ya moto, pilipili pembeni, bia moja baridi ya Simba, na rumba ambayo bado haijapigwa kwa sauti ya kuzuia maneno. Kuleni kabla ya saa mbili. Baada ya hapo meza zinajaa, na mtakutana na mtu atakayeuliza: "Na batoto beko wapi?"

Usiku msitembee kwa miguu, hata kama hoteli iko hatua mia tatu. Mpigieni dereva wenu. Msipige picha mbele ya majengo ya serikali, ya jeshi au ya polisi; picha moja ya mapenzi inaweza kuwatoa nusu saa ya maelezo na makuta ya soda.

Msiende bustani ya wanyama. Hiyo ni ya watoto, na mtaanza kuwakumbuka mbele ya mamba. Na msipitie sokoni "kuchukua unga tu", kwa sababu hapo wikendi imekwisha.

Jumapili asubuhi, walio Wakatoliki wanaweza kuomba nia ya misa ya shukrani, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro na Paulo au parokia yao. Iandikisheni mapema, katikati ya juma. Wa makanisa mengine mnajua saa zenu.

HATUA YA 8: Simu

Piga nyumbani mara mbili tu: saa kumi na mbili jioni kabla watoto hawajala, na asubuhi baada ya chai. Usipige saa mbili usiku wakati wanaingia kitandani. Kambo atakuwa amewatuliza, halafu sauti yako inafufua kilio chote. Simu ya mmoja wenu ibaki wazi kwa ajili ya kambo, ya mwingine izimwe kabisa. Simu ya kazi ndiyo ya kuzimwa.

HATUA YA 9: Kurudi

Rudini saa mliyosema. Kama mlisema baada ya misa, ni baada ya misa, si saa kumi na mbili jioni. Kambo apewe chake kwanza, mbele ya watoto: kitambaa, sukari, nyama, kadiri mlivyojaliwa, na franka za usafiri zikiwa mkononi mwake, si ahadi. Mkifanya hivyo, mwaka ujao ataulizia tarehe mwenyewe.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mtoto ana homa usiku. Kambo ampe paracetamol kama karatasi inavyosema na amnyweshe maji. Kama homa haishuki, au mtoto anatapika kila kitu, anatetemeka mwili mzima au amelegea haamki vizuri, dereva ampeleke kituo cha afya mara hiyo hiyo na ninyi mkutane naye huko. Vidonge vya malaria vilivyobaki kabatini visitumike, apimwe kwanza.

Umefika, chumba kina vitanda viwili. Onyesha risiti. Kama hakuna kingine, omba wavisogeze na watandike shuka moja kubwa kukatiza, na bei ishuke. Sema kwa upole lakini usiondoke kaunta.

Umeme umekatika na jenereta haiwaki. Omba mishumaa au taa, na muda kamili. Wakikupa "sasa hivi" mara tatu, una haki ya kuomba sehemu ya makuta irudi. Mkiwa na sweta na betri ya simu, hamjapoteza kitu kikubwa.

Simu inakuja: kuna kilio (msiba). Kama ni mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wa ndugu, mnaondoka, hakuna mjadala. Kama ni jirani wa zamani wa shangazi wa mtu, tumeni mchango kwa simu na mfike Jumapili jioni. Hakuna atakayewalaumu kwa kufika siku ya pili mkiwa na mikono iliyojaa.

Mmegombana. Hutokea, hasa saa ya kwanza, kwa sababu ni mara ya kwanza baada ya miezi mnakaa wawili bila kelele na yaliyowekwa akiba yanatoka. Msianze na ada ya shule wala ndugu wa mume. Lala kwanza, ule, halafu mtaona kama ugomvi bado upo.

Hamna la kuzungumza isipokuwa watoto. Ni kawaida pia. Jaribuni kusimuliana siku ya mahari, kila mmoja alichokiona upande wake: nani alikasirika, nani alikula sana, mjomba yupi aliongeza mbuzi juu ya orodha.

Mmerudi na mdogo hataki kuwasalimia, amejificha nyuma ya kitenge cha kambo. Msimvute. Kaeni chini, fungueni mfuko wa mikate mbele yake, mwendelee na maongezi yenu. Kwa kawaida mkate wa kwanza haujaisha kabla hajaja kuomba wa kwake.